Cheni za chensoo za zamani: pima kwanza, kutu itasubiri

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Tabata na ninakusanya zana za zamani za useremala: randa, keekee, misumeno ya watu wawili. Juzi nimenunua cheni tatu za chensoo, ule msumeno wa injini, kwa muuza chuma chakavu eneo la Gerezani, Dar es Salaam, zote zimeshikwa na kutu. Ya kwanza meno yake yamenyooka na kusimama wima, mengine yameelekea kushoto, mengine kulia, mengine yapo katikati. Ya pili ina meno makubwa yaliyojikunja kwa juu, haiingii kwenye baa (kile chuma bapa ambacho cheni hukizunguka) yoyote niliyoijaribu, na kwenye viungo naona herufi zilizofutika. Ya tatu meno yake yameachana kama ya mzee. Nitajuaje ni za aina gani na za lini? Ipi ina thamani? Fundi jirani ameniambia niziloweke kwenye maji ya betri kutu itoke.

JIBU: Ndugu yangu, maji ya betri yabaki kwenye betri. Meno na ribiti (zile pini zinazounga viungo) za cheni ya msumeno ni chuma kilichokaushwa kwa moto kiwe kigumu, na chuma cha namna hiyo kikikaa kwenye asidi kali hunyonya haidrojeni na kuwa chepesi kuvunjika, hata kama kwa macho kinaonekana kizima. Hasara ya pili ndiyo itakayokuuma wewe mkusanyaji: asidi hula herufi kabla haijamaliza kutu. Hizo herufi zilizofutika za cheni ya pili zitakwenda na maji.

Kwa hiyo leo usisafishe kitu. Chukua mswaki mkavu, toa mchanga na machujo ya mbao yaliyogandamana kwenye viungo, kisha pima. Cheni hutambulika kwa vipimo na kwa umbo la jino. Jina la kampuni huja mwisho, na mara nyingi halipo kabisa.

Anza na pichi, yaani wastani wa nafasi kati ya ribiti na ribiti. Nyoosha cheni juu ya meza, ivute kidogo isilegee, halafu pima kutoka ribiti moja hadi ribiti ya tatu. Usihangaike kutafuta katikati ya ribiti. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa ya kwanza hadi ukingo wa kushoto wa ya tatu, jibu ni lilelile. Gawanya kwa mbili. Sababu ya kuruka hadi ya tatu ni kwamba nafasi za ribiti kwenye cheni nyingi hazilingani: ya kiungo cha chini ina urefu wake na ya kibati cha pembeni ina wake. Ukipima ribiti mbili tu utapata pichi ambayo haipo duniani.

Vipimo utakavyokutana navyo, kwa ribiti tatu, ni hivi. Milimita 12.7 ni pichi ya robo inchi. Milimita 16.5 ni ile mafundi wanayoiita 325, yaani inchi 0.325. Milimita 18.6 hadi 19 ni 3/8, ambayo ndiyo imejaa madukani leo. Milimita 20.5 ni 404, yaani inchi 0.404. Ukipata 22.2 umeshika 7/16, na hapo macho yaanze kufunguka, kwa sababu pichi hiyo imeshaachwa. Milimita 25.4 ni nusu inchi, nayo ni ya zamani. Ikifika 31.75 ni 5/8, na 38.1 ni 3/4. Hii ya mwisho usikimbilie kuiita ya kale, kwa kuwa hata mashine kubwa za kuvunia miti zimeitumia.

Tatizo la cheni iliyofanya kazi ni kwamba imetanuka. Matundu ya ribiti yamelika, kila kiungo kimeongezeka kidogo, na kipimo cha ribiti tatu kinaweza kukudanganya. Dawa yake ni kupima masafa marefu: kutoka ribiti ya kwanza hadi ya tisa, yaani nafasi nane, halafu ugawanye kwa nane. Hakikisha idadi ya nafasi inagawanyika kwa mbili. Cheni mpya ya 404 itakupa milimita 82.1, ya 7/16 itakupa 88.9. Ukipata 83 au 84, hiyo ni 404 iliyochoka, acha kujifariji kuwa ni 7/16.

Kipimo cha pili ni geji, yaani unene wa ule ulimi wa chini unaoingia kwenye mfereji wa baa. Hapa rula haitoshi, unahitaji vernia kalipa, kile kifaa cha kubana na kupima unene; zile za dijitali za bei ya chini zinazouzwa Kariakoo zinatosha kwa kazi hii. Bana ulimi sehemu iliyo chini ya ribiti, mbali na ncha, maana ncha huliwa kwanza. Pima ndimi tano au sita sehemu mbalimbali za cheni, kisha shika kipimo kikubwa zaidi kati ya vile vinavyokaribiana. Milimita 1.1 ni geji ya inchi 0.043, milimita 1.3 ni 0.050, milimita 1.5 ni 0.058, milimita 1.6 ni 0.063, na milimita 2.0 ni 0.080. Kutu huongeza unene, kuchakaa hupunguza, kwa hiyo 1.55 isikutie wazimu. Andika kama ulivyoiona.

Halafu hesabu ndimi zote. Ndimi mara mbili mara pichi ndiyo urefu wa cheni nzima. Mfano, cheni ya nusu inchi yenye ndimi 60 ina milimita 1,524, hivyo ilizunguka baa ya takriban sentimita 60. Hii inakusaidia kujua kama uliyonayo ni nzima au ni kipande kilichofungwa upya.

Sasa tuje kwenye cheni yako ya kwanza, ambayo kwa maelezo yako ndiyo yenye habari. Meno wima yaliyonyooka, ya kushoto, ya kulia na ya katikati: huo ni mtindo wa kukwaruza, uliohamishwa moja kwa moja kutoka kwenye misumeno ya kukatia magogo ya watu wawili. Wewe unayo misumeno hiyo nyumbani, iweke karibu uone undugu wao. Meno ya pembeni hukata nyuzi za mti kwenye kingo mbili za mkato, kisha jino la katikati linapita na kukwangua kilichobaki. Ndiyo maana jino la katikati lazima liwe fupi kidogo kuliko ya pembeni. Lingelingana nayo lingegonga mti kabla nyuzi hazijakatwa, mashine ingetetemeka na kutoa vumbi badala ya machujo.

Cheni za namna hii zilitumika kwenye misumeno mizito ya miaka ya mwanzo. Dolmar ya Ujerumani ilitoa msumeno wake wa petroli mwaka 1927, Stihl wake mwaka 1929, na miaka ya 1940 walikuwapo akina Disston wa Marekani na Danarm wa Uingereza. Mabadiliko yalianzia Oregon, Marekani. Mwaka 1946 mkata miti Joseph Buford Cox alimchunguza buu wa mbawakawa anavyotafuna mti akielekeza taya zake kushoto na kulia, akatengeneza jino lililojikunja linaloiga taya hizo. Mwaka 1947 alianzisha kampuni ya kuliuza, na hataza yake (hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi), namba 2,508,784, ilitoka Mei 1950. Karibu kila jino unaloliona kwenye chensoo ya leo ni kizazi cha lile.

Usije ukaruka hapo ukaandika kwenye kibandiko chako kwamba cheni ya kwanza ni ya kabla ya 1947. Mtindo wa kukwaruza haukufa siku ile. Uliendelea kutengenezwa na kuuzwa kwa watu waliokuwa na mashine za zamani na waliozoea kuunoa kwa tupa bapa. Andika "mtindo wa kukwaruza", weka pichi na geji, na tarehe iache wazi hadi upate alama.

Cheni hiyo ichunguze kwa karibu. Shika kiungo kimoja dhidi ya mwanga uangalie mpangilio wa meno, kisha uandike mzunguko mmoja mzima kwa herufi: K kushoto, L kulia, T katikati, na nukta kwa kibati kisicho na jino. Watengenezaji walitofautiana kwenye mpangilio huu, kwa hiyo mstari huo mmoja wa herufi ndio utakaokusaidia kulinganisha na picha za wakusanyaji wengine. Angalia pia mikwaruzo ya tupa. Ikiwa ni mistari iliyonyooka kwenye uso bapa wa jino, ilinolewa inavyotakiwa. Ukiona kijibonde cha mviringo shingoni mwa jino, kuna mtu aliinoa kwa tupa ya duara akidhani ni cheni ya kisasa, na hapo thamani imeshuka sana, kwa kuwa umbo la jino ndilo lililokuwa mali.

Cheni ya pili, yenye meno makubwa yaliyojikunja, inaelekea kuwa ya kizazi cha Cox chenyewe au kinachofuata. Itazame jino kwa mbele. Bega lake likiwa duara lote, bila kona, hilo ni jino la kumega, mtindo wa awali. Likiwa na kona kali ya mraba ni jino la patasi, lililokuja baadaye. Yapo na ya katikati, yenye kona iliyoviringwa kidogo, ambayo hadi leo wakataji wengi huyapenda kwa magogo yenye mchanga kwa sababu hayafi makali haraka.

Kwamba haiingii kwenye baa zako hakunishangazi. Misumeno ya mwanzo ilikuwa na gia katikati ya injini na cheni. Cheni ilikwenda polepole, kwa hiyo ilihitaji jino kubwa linalomega kipande kikubwa. Miaka ya 1950 zilipokuja mashine zinazoendesha cheni moja kwa moja kutoka kwenye injini, mwendo ukapanda, na pichi ikashuka kutoka nusu inchi na 7/16 kuelekea 404 na 3/8. Ukipata 25.4 kwa ribiti tatu na jino la kumega, umeshika cheni ya enzi ya gia, na hiyo ni ya kutunza hata bila jina.

Kusoma herufi zilizofutika, zima taa ya chumba, washa tochi ya simu na uilaze karibu usawa na chuma ili mwanga upite kwa ubavu. Paka chaki nyeupe juu ya kibati, futa kwa kidole. Chaki itabaki kwenye mikwaruzo ya herufi. Piga picha kabla hujagusa tena. Jina la mtengenezaji tafuta kwenye vibati vya pembeni, namba ya aina kwenye ndimi, na alama nyingine kwenye kinundu kilicho mbele ya jino au kisigino chake. Angalia zaidi ya kiungo kimoja, maana muhuri haukugonga sawa kila mahali na mara nyingi si kila kiungo kimepigwa.

Kuna alama mbili zitakazokuokoa kwenye kudhani cheni ya kawaida ni ya ajabu. Namba 72, 73 au 75 kwenye ulimi wa cheni ya Oregon, ile kampuni ya Cox, ni 3/8 ya geji 0.050, 0.058 na 0.063 kwa mfuatano huo; zipo nyingi. Na tarakimu moja kwenye kinundu cha cheni ya Stihl ni pichi: 1 ni robo inchi, 2 ni 325, 3 ni 3/8, 4 ni 404, na 6 ni ile 3/8 fupi ya mashine ndogo.

Ukikuta PAT, kifupi cha "patent" yaani hataza, na namba ndefu, umepata kalenda. Hataza za Marekani zilizotoka mwaka 1950 zinaanzia 2,492,944. Za 1960 zinaanzia 2,919,443. Za 1970 zinaanzia 3,487,470. Za 1980 zinaanzia 4,180,867. Namba inakueleza mwaka ambao cheni haiwezi kuwa ya kabla yake. Mwaka wa kutengenezwa haikuambii, kwa sababu muhuri uleule uliweza kutumika miaka mingi baada ya hataza kutoka.

Ya tatu, yenye meno yaliyoachana, sina maneno mengi. Kama baada ya kila jino kuna vibati viwili vitupu badala ya kimoja, ni cheni ya kuruka, iliyotengenezwa kwa baa ndefu ili machujo yapate nafasi ya kutoka na injini isilemewe. Bado inauzwa mpya hadi leo. Isipokuwa pichi yake ni 7/16 au kubwa zaidi, itundike tu ukutani. Kinyume chake, yaani cheni ambayo meno yanafuatana bila kibati kitupu hata kimoja, ni nadra zaidi, na ukiiona usiiache.

Kabla hujaweka cheni yoyote kwenye mkusanyiko, tafuta kiungio. Kwa mafundi wetu cheni ikikatika haitupwi. Inaungwa kwa kipande cha cheni nyingine, na ribiti ikikosekana msumari unapigwa nyundo ukalala. Zungusha cheni yote taratibu ukitazama vichwa vya ribiti. Vya kiwandani vinafanana vyote, ukubwa na umbo. Cha msumari kimekaa upande au kina alama ya nyundo. Linganisha namba za ndimi pande zote mbili za kiungio. Meno mawili ya upande mmoja yakifuatana mahali pamoja tu, usihukumu haraka: cheni yenye idadi ya meno isiyogawanyika kwa mbili hulazimika kuwa hivyo hata ikitoka dukani. Yakifuatana sehemu mbili au tatu, ni mchanganyiko. Kiungo kilichochomelewa ni msiba mwingine, kwa kuwa joto limeshaharibu ugumu wa chuma kinachokizunguka. Rangi ya buluu kwenye jino inasema hivyohivyo: liliungua kwenye jiwe la kunolea, kwani chuma hugeuka buluu kikifika karibu nyuzi 300 za selsiasi.

Na kwenye rundo la chuma chakavu kuna wadanganyifu watatu. Cheni ya pikipiki ya namba 428 ina nafasi ya milimita 12.7 kati ya pini na pini, watu wakaona kipimo hicho wakashangilia. Ina vigurudumu, ya msumeno haina. Taiming cheni ya injini, ile ya mabati mengi yaliyopangwa, ina meno ya ncha kwa chini, lakini hakuna hata moja lenye makali. Wa tatu ndiye mgumu: cheni ya mashine ya kuchimbia vitundu vya kuungia fremu za milango, inayopatikana kwenye karakana kubwa za samani. Hiyo ina meno ya kukata kweli, ila ni pana, bati tatu au zaidi kwa upana, na meno yake yamekatwa mraba bila kuegemea kushoto wala kulia. Pichi yake kwa kawaida ni milimita 13.7, 15.7 au 22.6. Inapendeza kukusanya, lakini iandike kwa jina lake.

Sasa kutu. Loweka kila cheni peke yake kwenye ndoo yenye lita moja ya mafuta ya taa au dizeli, siku mbili. Itoe, kunja kiungo kimoja kimoja kwa mkono, kigumu kirudishe ndoo siku nyingine mbili. Usikilazimishe kwa koleo, kibati hupinda. Sugua kwa mswaki, halafu brashi ya waya wa shaba. Brashi ya chuma inayozungushwa kwa drili iache kabisa, inang'arisha na kufuta herufi kwa pamoja. Msasa hali kadhalika, na moto wa gesi usiufikirie. Simama pale kutu nyekundu inapokwisha. Ule weusi unaobaki ni ngozi ya cheni, na mkusanyaji anayejua atakulipa zaidi kwa huo kuliko kwa mng'aro. Tupa usiiguse kabisa. Jino ambalo bado lina mkato wa kiwandani, hata likiwa butu, ni bora kuliko lililonolewa jana.

Hewa yetu ya bahari ina chumvi, kwa hiyo baada ya kukauka paka oili nyepesi ya mashine, ning'iniza usiku mmoja ichuruzike, kisha weka kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Magazeti yanavuta unyevu, usifungie humo. Msimu wa masika fungua uangalie. Kila cheni iwe na kadi: pichi, geji, idadi ya ndimi, mpangilio wa meno, alama, mahali ulipoipata, na picha iliyopigwa kando ya rula.

Kuhusu thamani, pale Gerezani cheni hupimwa kwa kilo pamoja na chuma kingine, na cheni moja ya kawaida haifiki hata kilo. Nunua kwa bei hiyo ya mizani na ufunge uso. Ukionyesha macho, bei imepanda. Panga hivi: ya kwanza juu kabisa kama meno hayajaharibiwa, ya pili inafuata, ya tatu ni ya kubadilishana. Kama ingetokea yeyote kati yao ndani ya boksi lake la asili, hata boksi limechanika, ingepita zote. Uliza pia kama muuzaji alipata baa na sproketi (gia inayozungusha cheni) kwenye mzigo uleule. Vikipatikana pamoja, jina la mashine linapatikana mara nyingi kwenye baa, na hapo cheni isiyo na jina hupata ukoo.

Usizifunge kwenye chensoo inayofanya kazi, hata kwa majaribio. Cheni hukimbia kwa takriban mita 20 kwa sekunde. Ribiti iliyoliwa na kutu ikikatika, kipande huruka kama risasi kuelekea anayeshika mashine au aliyesimama karibu. Ukitaka kuonyesha wageni inavyofanya kazi, ifunge kwenye baa ya kipimo chake, toa plagi ya injini, uizungushe kwa mkono ukiwa umevaa glavu za ngozi.